Mwitaliano na Mhispania wakikutana, kila mmoja akaongea lugha yake, wanaelewana kweli?

mwanakiwengwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi kila msimu huku pwani ya mashariki ya Unguja, na juzi lilizuka tena kijiweni kwetu: kijana anayejua Kiitaliano akipangiwa Wahispania, atawamudu? Wengi wanajibu harakaharaka kwamba lugha ni ileile, tofauti ni matamshi. Wengine wanabisha kuwa hao watu hawaelewani hata kidogo. Mimi ni mwongoza wageni. Nilianza na Kiitaliano kwa sababu Kiwengwa ilijaa hoteli za Waitaliano, kisha nikaingia darasani kusoma Kihispania. Naomba nieleze kwa kirefu, maana jibu la mkato linawaponza vijana wanaoingia kwenye kazi hii.

Msimamo wangu ni huu. Kwa maandishi wanaelewana vizuri. Uso kwa uso wanaelewana pia, iwapo wote wawili wanaongea taratibu na kila mmoja ana nia ya kumwelewa mwenzake. Lakini Wahispania wakiongea wao kwa wao kwa mwendo wao wa nyumbani, Mwitaliano aliyekaa pembeni anaambulia neno hapa na neno pale, na habari yenyewe inampita. Kinyume chake ni hivyohivyo.

Tazameni sentensi hii. Kiitaliano: *La notte è fredda e il vento viene dal mare.* Kihispania: *La noche es fría y el viento viene del mar.* Maana yake: usiku ni wa baridi na upepo unatoka baharini. Hapo hata mtoto ataona undugu. Sasa hii: *Il ragazzo mangia il formaggio vicino alla finestra.* Kihispania chake: *El chico come queso cerca de la ventana.* Kijana anakula jibini karibu na dirisha. Kijana, kula, jibini, karibu, dirisha: hakuna neno lenye uzito linalofanana. Anayesema lugha ni moja ana sentensi ya kwanza kichwani, na anayesema hawaelewani ana ya pili. Wote wawili wamesema kweli nusu.

Chanzo chao ni Kilatini cha mitaani cha dola ya Rumi, kile cha askari na wachuuzi. Dola ilipovunjika kila upande uliendelea na njia yake. Wataalamu huchora mstari wa mpaka wa lugha kaskazini mwa Italia kutoka La Spezia hadi Rimini, na Kiitaliano sanifu kilizaliwa mkoa wa Toscana, kusini mwa mstari huo. Huko konsonanti za katikati ya neno zilibaki ngumu: *vita* (maisha), *lupo* (mbwamwitu), *amico* (rafiki). Hispania zikalainika: *vida*, *lobo*, *amigo*. Hispania ikashikilia -s ya wingi, ikasema *amigos*. Italia ikaiacha, ikaonyesha wingi kwa irabu, *amici*. Kwa Mhispania hili si dogo, maana sikio lake linasubiri -s ndipo lijue kwamba vitu ni vingi.

Mabadiliko mengi kati yao yana utaratibu, na mwenye kuujua utaratibu anafungua maneno mengi kwa mpigo. Kilatini kilipokuwa na *cl*, *pl* au *fl* mwanzoni, Mwitaliano aliweka *chi*, *pi*, *fi*, na Mhispania mara nyingi akaweka *ll*: *chiave* na *llave* (ufunguo), *pieno* na *lleno* (iliyojaa), *fiamma* na *llama* (mwali), *chiamare* na *llamar* (kuita). Kilipokuwa na *ct* katikati, Italia ikapata *tt* na Hispania *ch*: *notte* na *noche*, *latte* na *leche*, *otto* na *ocho*. Na *f* ya mwanzo ilififia Hispania hadi ikawa *h* isiyotamkwa: *farina* na *harina* (unga), *figlio* na *hijo* (mwana). Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema ni matamshi tu. Ukiandika *figlio* na *hijo* ubaoni, mtu anaweza kukisia. Ukiyatamka, *filyo* na *ikho* ile ya kooni, nani atakisia?

Halafu kuna Waarabu. Kuanzia 711 hadi 1492 sehemu ya Hispania ilikuwa chini ya watawala Waislamu, na Kihispania kikapokea maelfu ya maneno ya Kiarabu. Italia nayo ilipata yake kupitia Sicilia na biashara ya bahari, lakini machache zaidi. Kwa hiyo mafuta ni *olio* kwa Mwitaliano na *aceite* kwa Mhispania, mto wa kulalia ni *cuscino* kwa mmoja na *almohada* kwa mwingine, meya ni *sindaco* huku na *alcalde* kule. Kwetu sisi hili lina faida isiyosemwa. *Aceituna* ya Mhispania ni ndugu wa zeituni yetu. *Hasta*, kwa maana ya "mpaka", imetoka kwenye neno lilelile la Kiarabu lililotupa *hata*, na wazee wetu bado husema "tangu asubuhi hata jioni". Mwitaliano husema *fino a*. Mswahili anaingia Kihispania na mlango ambao Mwitaliano hana.

Jambo la mwisho ni kasi. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, walipima lugha kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Kihispania kilitoka na silabi 7.82 kwa sekunde, Kiitaliano 6.99. Utafiti ulionyesha pia kwamba lugha ya haraka hubeba habari ndogo zaidi katika kila silabi, kwa hiyo mwisho wa siku ujumbe unafika kwa mwendo unaokaribiana. Ila anayeikisia lugha ya jirani anapungukiwa muda. Mwenye lugha yake haoni shida, mgeni anaachwa nyuma.

Karibuni mnipinge.

mdadisi

Mkuu, shukrani kwa bandiko la kushiba. Lakini nimewahi kuona takwimu ya Ethnologue, ile orodha ya lugha za dunia, inayosema Kiitaliano na Kihispania vinafanana kwa asilimia 82. Sasa kama maneno 82 kati ya 100 yanafanana, huyo Mwitaliano anaambuliaje "neno hapa na neno pale"? Hesabu haikubali.

mwanakiwengwa

Mkuu mdadisi, hiyo 82 ninaijua na inatajwa sana. Inapima maneno yenye asili moja na umbo linalofanana yakiwekwa kwenye orodha. Haipimi sikio. *Figlio* na *hijo* yote yametoka kwa *filius*, na hilo halimsaidii mtu aliyesimama mapokezi saa mbili usiku.

Tena jiulize: takwimu hizohizo zinasema Kiitaliano na Kifaransa vinafanana kwa asilimia 89. Kwa mantiki yako Mwitaliano angemwelewa Mfaransa kuliko Mhispania. Muulize Mwitaliano yeyote akwambie kama ndivyo ilivyo. Kifaransa kimekata miisho ya maneno na kina irabu za puani. Jicho linaona udugu, sikio halioni. Kihispania kina irabu tano safi, a e i o u, na kila moja inatamkwa. Hiyo ndiyo inayomfanya Mwitaliano ahisi yuko nyumbani hata pale ambapo neno lenyewe halijui.

Na maneno yana uzito tofauti. Yale yanayotofautiana ndiyo ya kila dakika: kula, kuongea (*parlare*, *hablar*), kichwa (*testa*, *cabeza*), kaka (*fratello*, *hermano*), kitanda (*letto*, *cama*), sasa (*adesso*, *ahora*), kamwe (*mai*, *nunca*), kushoto (*sinistra*, *izquierda*). Ukikosa haya, kujua kwamba "chuo kikuu" ni *università* na *universidad* hakukusaidii kumwelekeza mtu choo kilipo.

dada_bukavu

Nawasalimu kutoka Kivu. Hapo kwa Kifaransa ndugu amesema ukweli kabisa. Sisi tumesoma shule kwa Kifaransa. Nilipoona ile sentensi ya jibini nilielewa Kiitaliano mara moja: *mangia* ni *mange*, *formaggio* ni *fromage*, *finestra* ni *fenêtre*. Ile ya Kihispania, *come queso*, sikushika kitu. Lakini mapadri wa Kiitaliano wakiongea wao kwa wao sishiki hata jina la mtu.

Kwa hiyo mimi ningependa tugawe swali: kusoma ni kitu kimoja, kusikia ni kingine, kusema ni cha tatu. Watu wanabishana kwa sababu kila mtu anajibu swali lake.

mwanakiwengwa

Dada umemaliza. Na kwenye kusoma, kadiri maandishi yanavyokuwa rasmi ndivyo lugha hizi zinavyosogeleana. Chukua ibara ya kwanza ya Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Kiitaliano: *Tutti gli esseri umani nascono liberi ed eguali in dignità e diritti.* Kihispania: *Todos los seres humanos nacen libres e iguales en dignidad y derechos.* Hapo hakuna wa kupotea. Maneno ya sheria, dini, siasa na elimu yalichotwa upya kutoka Kilatini cha vitabuni, pande zote mbili, karne nyingi baada ya lugha kuachana. Ya jikoni yalikuwa yameshakwenda zake.

Ndiyo maana Mwitaliano aliyesoma anaweza kupitia gazeti la Madrid akaielewa habari kuu, kisha akashindwa kuelewa bibi kizee anayemwambia afunge mlango.

kocha_mtaani

Mpira nao una ushahidi. Maradona alitoka Barcelona mwaka 1984 akaenda Napoli, akakaa mpaka 1991, na mahojiano alikuwa anayatoa kwa Kiitaliano. Kocha Ancelotti kule Real Madrid alikuwa anajibu waandishi kwa Kihispania, lafudhi ya Italia imejaa lakini kila mtu anamwelewa. Capello kafundisha Madrid mara mbili. Simeone kacheza Pisa, Inter na Lazio, Kiitaliano anakiongea. Sijawahi kuona makocha wa Kijerumani wanavuka kwa wepisi huo. Mimi naona hizi lugha ni moja tu jamani.

mwanakiwengwa

Kocha, mifano yako ni mizuri ila inathibitisha kitu kingine. Hao *walijifunza*. Walijifunza haraka kuliko Mjerumani kwa sababu nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika. Ancelotti akijibu kwa Kihispania, anaongea Kihispania. Swali letu ni kama angebaki na Kiitaliano chake mbele ya waandishi wa Madrid mambo yangekwenda. Kwa dakika chache, labda. Kwa mkutano mzima wa habari, mjadala wa mbinu, maswali ya haraka, wangeomba mkalimani.

Na kwa kuwa umemtaja Maradona, twende Argentina, maana huko jaribio hili lilifanywa na umma mzima. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20 Waitaliano wapatao milioni 2 waliingia nchi ile. Wengi walikuwa wakulima na vibarua, na wengi hawakujua Kiitaliano sanifu. Walijua lugha za mikoa yao: Kigenova, Kinapoli, Kikalabria. Walipofika Buenos Aires hawakukaa kimya miaka mitatu wakisubiri kujifunza. Walianza kuongea siku ileile, wakachukua Kihispania walichokisikia na kukijaza lugha ya kwao. Mchanganyiko huo ukaitwa *cocoliche*. Haukuwa na kanuni moja, kila mtu alikuwa na wake, kulingana na kijiji alichotoka na muda aliokaa.

Zingatieni hapo. Kama lugha zingekuwa moja, mchanganyiko usingehitajika. Kama zingekuwa mbali, usingewezekana. Cocoliche iliwezekana kwa sababu mtu angeweza kusogea hatua kwa hatua kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kukutana na ukuta. Watoto wao walikwenda shule, wakaongea Kihispania kamili, na cocoliche ikafa na wazee. Lakini iliacha mali: *laburo* kwa kazi, kutoka *lavoro*, *chau* kwa kuagana, kutoka *ciao*, *nona* kwa bibi, kutoka *nonna*. Na kuna wanaisimu, Colantoni na Gurlekian, waliochunguza kiimbo cha Kihispania cha Buenos Aires, wakaandika mwaka 2004 kwamba kupanda na kushuka kwa sauti yake kunakaribia kule kwa Italia, hasa Napoli. Mwargentina anaongea Kihispania kwa wimbo wa Kiitaliano. Nikipata wageni wa Argentina na Waitaliano kwenye mashua moja, nusu saa haipiti wameshazoeana.

mwalimu_sarufi

Nimefuatilia uzi kimya kimya. Naongeza mambo ambayo mtoa mada ameyapita.

La kwanza, mnasema "Kihispania" kana kwamba ni sauti moja. Mtu wa Bogotá, Colombia, anatamka kila herufi, Mwitaliano atamfuata. Mtu wa Cádiz kusini mwa Hispania, wa Havana au wa Santiago ya Chile anameza -s ya mwisho wa silabi, *los amigos* inakuwa kama *loh amigoh*. Huyo hata Mhispania wa kaskazini humtegea sikio.

Na Italia ni vilevile, tena zaidi. Italia iliungana kuwa ufalme mmoja mwaka 1861, na wakati huo wenye kuongea Kiitaliano walikuwa wachache sana. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria asilimia 2.5 ya watu, mwenzake Arrigo Castellani akasema inakaribia 10. Waliobaki waliongea lugha za mikoa yao. Mzee wa Bergamo kaskazini na mzee wa Calabria kusini wakishika za kwao hawaelewani. Hivyo "Mwitaliano anamwelewa Mhispania?" inategemea Mwitaliano yupi. Napoli ilitawaliwa na Wahispania miaka mia mbili na kitu, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 16. Mnapoli kwa lugha ya kwao husema *tengo famme*, nina njaa. Mhispania husema *tengo hambre*. Kiitaliano sanifu husema *ho fame*. Pia Mnapoli huweka *a* mbele ya mtu anayetendewa, "nimemwona *a* Mario", kama Mhispania afanyavyo, jambo ambalo walimu wa Kiitaliano hulisahihisha kwa kalamu nyekundu. Utawala huo si lazima uwe sababu ya yote hayo. Tabia ya *a* inapatikana sehemu nyingi za kusini. Lakini ukweli unabaki kwamba baadhi ya Waitaliano wako karibu na Hispania kuliko sarufi ya shuleni inavyoonyesha.

La pili, kuelewana hakuendi sawa pande zote. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walijaribu lugha za Ulaya kwa jozi, na mfano ulio wazi kabisa ni Kireno na Kihispania: Mreno anamwelewa Mhispania vizuri zaidi kuliko Mhispania anavyomwelewa Mreno. Sababu mojawapo ni kwamba Mreno wa Ulaya anabana irabu zake mpaka karibu zipotee, wakati Mhispania anaziachia wazi. Nyingine ni mazoea, Wareno wanasikia Kihispania mara nyingi zaidi. Kwa Kiitaliano tatizo la Mhispania huwa kwenye vineno vidogo, *ci* na *ne*, ambavyo Kihispania hakina. *Ne voglio due*, "nataka viwili kati ya hivyo": Mhispania anashika *due* kwa taabu, hiyo *ne* inamwacha.

mdadisi

Mwalimu, vipi maneno yanayofanana lakini maana tofauti? Hayo ndiyo hatari kuliko usiyoyajua.

mwanakiwengwa

Naomba nijibu mimi, maana haya nimekaa nayo kazini.

Mwitaliano akisema *autista* anamaanisha dereva. Mhispania akisikia *autista* anaelewa mtu mwenye usonji. *Burro* kwa Mwitaliano ni siagi ya kupaka mkate, kwa Mhispania ni punda. *Salire* ni kupanda, *salir* ni kutoka. Mko kwenye ngazi ya mashua, mmoja anasema panda, mwingine anaelewa toka. Mhispania akitaka kupanda husema *subir*, na kwa Mwitaliano *subire* ni kupatwa na jambo baya. *Toalla* ni taulo, *tovaglia* ni kitambaa cha meza. *Gamba* kwenye menyu ya Mhispania ni kamba wa baharini, kwa Mwitaliano ni mguu. *Aceite* ni mafuta, *aceto* ni siki, na vyote viwili hukaa meza moja kwenye chupa zinazofanana. *Caldo* kwa Mwitaliano ni moto, kwa Mhispania ni mchuzi. *Largo* ni pana kwa Mwitaliano na ndefu kwa Mhispania. Na lile la heshima: *imbarazzata* ni mwanamke aliyeona aibu, *embarazada* ni mjamzito.

Mwalimu amesema kweli kuhusu vineno, lakini mimi naona haya ndiyo mabaya zaidi kwetu. Neno usilolijua litakufanya uulize. Neno unalodhani unalijua halikupi nafasi ya kuuliza, unaendelea mbele na uhakika wa uongo. Kwenye kazi ya chakula na bahari, mtu anaweza kuumia.

mpwani_malindi

Ndugu zangu, huku kwetu Malindi na Watamu Kiitaliano kimekaa tangu Waitaliano walipoleta kile kituo chao cha roketi cha San Marco pale Ngomeni miaka ya 60. Vijana wetu wa ufuoni wanakiongea vizuri sana, wengi bila kukanyaga darasa. Ninaloliona ni kwamba sisi Waswahili tunaingia lugha hizi kwa urahisi kwa sababu irabu zetu ni tano kama za Mhispania, na mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, ambako na wao huuweka mara nyingi.

Kinachotushinda kwa Kiitaliano ni konsonanti mbilimbili. *Anno* ni mwaka na *ano* ni sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu. *Sete* ni kiu, *sette* ni saba. Kihispania hakina balaa hilo, kina *r* na *rr* tu, *pero* (lakini) na *perro* (mbwa). Kwa maoni yangu Kihispania ni chepesi kwa mdomo wetu kuliko Kiitaliano, na tungeanza nacho tungefika mapema.

Halafu msisahau Wareno. Meza yetu tumeipata kwao, *mesa*, na Mhispania naye anasema *mesa*, lakini Mwitaliano *tavolo*. Bendera, *bandera*, hapo wote wamo. Na Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, mchoraji wake alikuwa Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, akiwatumikia Wareno wakati mfalme wa Ureno alikuwa ndiye huyohuyo Felipe wa Pili wa Hispania. Hao watu wa lugha hizi walishakutana kwenye ufuo wetu zamani.

mrina

Mtoa mada, hii naifananisha na sisi na Wakomoro. Mngazija akiongea naye wa kwao nasikia kabisa ni watu wetu, mara nashika neno, mara napoteza. Tukikaa wawili akanipunguzia mwendo, tunafika. Ndivyo?

mwanakiwengwa

Mrina, ndivyo hasa. Ukiongeza kwamba Wakomoro wengi wamekisikia Kiswahili kuliko sisi tulivyokisikia cha kwao, unapata na lile la mwalimu la upande mmoja kuelewa zaidi.

kocha_mtaani

Sawa nimekubali, si moja. Sasa nisaidieni: mdogo wangu yuko Nungwi, Kiitaliano anacho cha kuongea, anataka Kihispania. Aanzie wapi? Na ni kweli kuna Waitaliano wanaongeza -s tu kila neno wanaita Kihispania?

mwanakiwengwa

Hao wapo, na Wahispania wenyewe wana jina la lugha hiyo, *itañol*. Hispania ndiyo inayopokea wanafunzi wengi kuliko nchi nyingine kwenye Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi ulioanza 1987, na Waitaliano huko ni wengi mno. Wiki ya kwanza wanaona wameshafika, kwa sababu kila mtu anawaelewa. Wengine wanabaki hapohapo miaka, maana hakuna kinachowalazimisha kusogea. Ndilo ninalomhofia mdogo wako. Wageni watamwelewa siku ya kwanza, watamsifu, naye ataacha kusoma.

Kwa hiyo, kwanza ajifunze ile mibadiliko niliyoitaja juu, aongezee na ya miisho: *-zione* huwa *-ción* (*stazione*, *estación*), *-tà* huwa *-dad* (*città*, *ciudad*), na *o* au *e* ya Kiitaliano mara nyingi hupasuka kuwa *ue* au *ie* (*porta*, *puerta*, *sette*, *siete*). Jioni mbili zinatosha kuielewa, na maneno mengi yatakuja yenyewe. Kuna kundi la walimu wa Aix-en-Provence chini ya Claire Blanche-Benveniste waliotengeneza mbinu ya kuwafundisha watu kusoma Kireno, Kihispania, Kiitaliano na Kifaransa kwa pamoja, kitabu chao EuRom4 kilitoka 1997. Wazo lao lilikuwa hilohilo, mwenye lugha moja ya ukoo huo asianze nyingine kutoka sifuri.

Kisha aandike kwenye daftari yale maneno ya kila dakika yasiyofanana, mia moja hivi, ayakariri kama hesabu za kuzidisha. Hayo hayana njia ya mkato. Pembeni aweke orodha ya maneno ya hatari, akianza na ya chakula, ya bahari na ya gari.

Cha mwisho vitenzi, na hapo asidanganywe na kusikia. Wengi wetu tuliojifunza ufuoni tunatumia kitenzi kimoja kwa nafsi zote na mgeni anatuvumilia. Kihispania kina *ser* na *estar* kwa "kuwa", na mgawanyo wake si ule wa *essere* na *stare*: Mwitaliano amechoka anasema *sono stanco*, Mhispania *estoy cansado*. Hili bila mwalimu au kitabu cha sarufi hatalipata. Kama yuko Nungwi na anaweza kufika mjini, atafute darasa hata la siku mbili kwa wiki. Aniandikie inboksi, nitamtumia daftari langu la maneno ya boti na ya jikoni, akishapiga picha kurasa zote anirudishie.

mpwani_malindi

Na mimi naliomba hilo daftari, mkuu. Nitakuongezea la uvuvi, la huku kwetu, Kiitaliano tayari ninalo. Nitie tu safu ya Kihispania.